Nani Amefunga Mvua

Nilikubali asubuhi moja tu kwamba dunia inapata joto, nikiwa dukani kwangu Mabatini, mjini, kwa sababu asubuhi ile nililihitaji hilo joto. Kabla ya hapo nilikuwa kwenye kundi la wanaocheka.

Niseme kwanza mimi ni nani, maana wengi wanaoandika vitabu hawajawahi kujenga hata choo. Mimi niliishia darasa la nne. Nilianza kwa kubeba mizigo ya watu pale kivukoni Busisi, nikauza chumvi, nikauza sabuni. Biashara ilipofunguliwa, wakati ule tuliouita wa ruksa, wenye vyeti vyao walikuwa bado wanasubiri mshahara na mimi nilikuwa nashusha marobota ya mitumba. Nilipofika miaka arobaini na kitu nilikuwa na maduka mawili, lori, nyumba ya kupangisha Butimba, na mashine ya kusaga kijijini kwetu, mashine ya kwanza kijiji kile kuiona. Siyasemi haya kwa kujisifu. Nayasema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu nataka ujue aliyeshindwa hakuwa mtu wa hivi hivi.

Mwaka ule ulikuwa wa ukame. Mvua za vuli zilitoa manyunyu zikaacha, na masika yakaingia na jua. Kwenye baraza la duka langu watu walibishana kila siku kuhusu jambo lililosemwa redioni, kwamba dunia nzima inapata joto, na kwamba joto hilo linaletwa na moshi wa viwanda na magari. Aliyeshika upande wa redio alikuwa mwalimu wa jiografia, Mhaya wa Bukoba, mpangaji wangu wa Butimba. Aliyempinga alikuwa fundi cherehani niliyempa nafasi pale barazani.

"Mwalimu," fundi alisema, "mwaka wa njaa kubwa babu yangu alikula mizizi. Kiwanda kilikuwa wapi?"

"Sikusema ukame haukuwepo zamani."

"Sasa umesema nini?"

"Nimesema joto linapanda. Ule moshi unaifunika dunia kama blanketi."

"Na nyie Bukoba mbona bado mnavaa makoti? Blanketi halijafika?"

Mimi nilicheka kuliko wote, na nikaongeza langu, kwamba wazungu wakikosa cha kutuuzia watatuuzia hata jua. Mwalimu hakukasirika. Alisema hata wataalamu wenyewe huko nje bado wanabishana, wengine wanaona ushahidi unatosha, wengine wanasema ni zamu za kawaida za hali ya hewa.

"Wenyewe hawajakubaliana," fundi akasema, "halafu sisi ndio tuvue makoti."

Tulikuwa hapo hapo, tunacheka, baba yangu mdogo alipotokea kutoka kijijini na vumbi mpaka kwenye nyusi. Nikamwamkia, akaitika marahaba bila kukaa.

"Mama yako ameitwa mkutanoni kesho," akasema. "Kwa ajili ya mvua."

Kwa mtu asiyekulia kwetu nieleze. Ukimsikia mtu wa kijijini kwetu anasema mvua imefungwa, hasemi kwa mafumbo. Anasema kuna mtu ameifunga, na mtu huyo ana jina na ana nyumba. Ushahidi dhidi ya mama yangu ulikuwa huu. Wiki ile lilipanda wingu jeusi, la kwanza tangu mwaka uanze. Kila mwanamke aliyekuwa ameanika michembe, vile viazi vya kukaushwa, alikimbilia mwambani kukusanya vyake visilowe. Mama hakukimbia. Vyake vilibaki juu ya mwamba, na yeye alibaki amekaa mlangoni anatazama. Wingu likapita, likaenda kunyesha kijiji cha pili. Kwetu halikudondosha hata tone. Basi watu wakaulizana: alijuaje?

Mama alikuwa na magoti mabovu. Hilo ndilo jibu lote. Lakini alikuwa pia mjane, anaishi peke yake, na macho yake yalikuwa mekundu, alama ya uchawi kwa watu wetu, kwa kupikia mavi ya ng'ombe miaka na miaka, maana kuni kwetu zilikwisha. Katika kijiji kingine bibi mmoja alitajwa hivyo hivyo, na asubuhi akakutwa mlangoni kwake amekatwa mapanga. Sina haja ya kueleza zaidi.

Nikamgeukia mwalimu.

"Hilo joto lako lipo au halipo?"

"Lipo, kwa kadiri ya..."

"Sitaki kadiri. Lipo?"

"Naamini lipo."

"Basi kesho twende ukalisemee."

Alijaribu kukataa. Alisema yeye ni mgeni, hajui Kisukuma, na mambo yale si ya darasani. Nikamwambia kodi ya nyumba asahau mpaka Krismasi. Akasema si habari ya kodi. Mwishowe alikubali kwa sababu ni mtu mwema, na mpaka leo nasema ni mtu mwema.

Njiani ndani ya lori nilimfundisha la kusema. Mwalimu ni yeye lakini nilimfundisha mimi. Nilimwambia wale watu hawataki hadithi ndefu, wanataka mtu wa kumlaumu, kwa hiyo awape wenye viwanda. Awape wote, wa Ulaya na wa Amerika, asibakize. Alikuwa akiitikia kwa kichwa huku ameshika mlango kwa sababu ya makorongo.

Mama tulimkuta anafagia uwanja. Nilipomwambia nimekuja na msomi wa kumtetea, alimtazama yule Mhaya kuanzia viatu hadi miwani.

"Amekula?" akaniuliza.

"Mayu," nikasema, ndivyo tunavyomwita mama kwetu, "kuna jambo kubwa kuliko chakula."

"Mtu hawezi kunisemea na njaa," akasema, akaingia ndani kumtafutia uji.

Mkutano ulifanyika ukingoni mwa lambo, bwawa letu la kunyweshea ng'ombe. Ndani yake palikuwa na tope lililopasuka vipande vipande, na katikati mzoga wa ndama ambao hata fisi hawakuuhangaikia. Aliyeongoza alikuwa mkuu wa walinzi wa kijiji, tunayemwita mtemi, mtu wa rika langu. Tulichunga pamoja tukiwa wadogo, na nilikuwa nampiga mieleka kila nikitaka. Mama alikalishwa chini mbele ya watu wote, miguu ameinyoosha kwa sababu haikunjiki.

Mwalimu alianza vizuri. Alieleza moshi, alieleza blanketi, alieleza jinsi joto linavyohamisha mvua kutoka hapa kwenda kule. Mimi nilitafsiri kwa Kisukuma, na pale alipokuwa anapoa nilimwongezea chumvi. Watu walisikiliza. Jirani mmoja aliyefiwa na maksai wote akainuka.

"Kwa hiyo moshi wa huko kwa wazungu ndio umekausha lambo letu?"

"Ndiyo," nikajibu kabla sijatafsiri.

"Na moshi wa jikoni kwa mama yako unakausha nini?"

Walicheka, hata wazee. Mama mwenyewe aliinamisha kichwa kama mtu anayecheka, ila sikuona uso wake. Mwalimu aliomba tena nafasi. Alisema amesikia habari ya wingu na michembe, na kwamba hata kama mama angekuwa amekaa vile kwa makusudi, wingu moja si ushahidi. Miaka ya nyuma yalipita mawingu mangapi ambayo mama alikimbia kuanua? Mangapi alikaa na mvua ikamnyeshea? Mtu huwezi kuchukua siku moja ukajenga juu yake hukumu.

Nilitafsiri hayo kwa sauti ya juu kabisa. Niliona wazee wawili wanatazamana. Niliona mama ameinua kichwa. Pale, bwana, nilijua tumeshinda, na nikaanza kuwaza nitachinja nini.

Mtemi alikuwa anachora chini na fimbo. Akauliza polepole, kwa Kiswahili, ili maneno yasipitie kwangu.

"Mwalimu. Wingu moja si ushahidi?"

"Si ushahidi."

"Na ukame mmoja?"

Mwalimu akanigeukia mimi.

"Nakuuliza kwa heshima. Huu ukame wetu wa mwaka huu. Unaweza kusema mbele ya watu hawa kwamba umeletwa na huo moshi?"

Nilimkanyaga mguu. Nasema wazi, nilimkanyaga kwa kisigino.

"Ukame mmoja peke yake," mwalimu akasema, "hauwezi kuthibitisha. Huenda umeletwa na hilo joto. Huenda ungekuja tu. Lazima uangaliwe kwa miaka mingi."

"Huenda," mtemi akasema.

"Huenda."

"Sisi hatujaja hapa na huenda. Huyu mama hakuanua na mvua haikunyesha. Tumeona kwa macho."

Nilisimama. Nilisema yote niliyokuwa nayo. Niliwakumbusha nani alileta mashine, nani alitoa lori kupeleka wagonjwa mjini, nani alinunua mabati ya zahanati. Nikasema wakimgusa mama yangu mashine naifunga, wanawake wao warudie kutwanga.

"Funga tu, tajiri," yule jirani wa maksai akaniambia, tena bila hasira. "Tusage nini?"

Nikakaa chini. Mimi, ambaye nimewahi kubishana na watu wa kodi mpaka wakaondoka wenyewe.

Wakaamua mama atengwe. Asisalimiwe, asipewe moto, asichote maji kisimani na wengine, mpaka aungame na kulipa ng'ombe wa kusafisha ardhi. Baba mdogo alikuja kuninong'oneza sikioni, akasema hiyo ni hukumu ya mchana, ya usiku hajui itatolewa na nani. Nilimbeba mama mwenyewe nikampandisha lorini. Alitaka achukue jiwe lake la kusagia, nikamwambia mjini hatuna kazi nalo. Wakati lori linaondoka alikuwa bado anaangalia nyuma, na mwalimu, aliyekaa kati yetu, alikuwa amejikunja ili asimzuie kuona.

Karibu na mji mwalimu akasema, "Ningesema uongo wangenishika mahali pengine." Nikamwambia, wangekushika wewe, si mama. Tulipoachana Butimba alimwamkia mama shikamoo, ingawa ilikuwa ni kuagana, na mama akaitika vizuri tu.

Kwangu mama alipata chumba chenye kitanda cha chuma na neti. Mke wangu alimhudumia, siwezi kumsingizia. Lakini mama alikuwa anaamka alfajiri na kukaa kwenye ngazi ya nyuma akitazama ukuta wa jirani. Aliniuliza nani anapalilia kaburi la baba. Aliniuliza kama kuku wake wamechukuliwa na mtu au wamekufa.

Kiangazi kikapita. Halafu ikaja ile mvua kila mtu anaijua, ile ya Elnino. Ilinyesha kama mbingu imetobolewa. Mabatini maji yalishuka kutoka vilimani na mawe na vyungu vya watu, barabara zikakatika, marobota yangu matatu ya mitumba yakaoza stoo. Barazani ubishi ukapata moto. Mwalimu alieleza kwamba maji ya bahari moja ya mbali yamepata joto kupita kiasi, ndiyo maana. Fundi alisema jana mlituambia joto linaleta ukame, leo linaleta mafuriko, kesho litaleta wachumba. Mimi safari hii sikucheka. Nilikuwa nimeshapata salamu kutoka kijijini.

Alizileta baba mdogo nyumbani kwangu, safari hii ametapakaa tope badala ya vumbi. Lambo limejaa hadi limepasua ukingo. Na mtemi amesema nimwambie yule msomi wangu kwamba huu ni msimu wa kwanza bila yule mama. Wao hawana cha kuongeza.

Mama alikuwa nyuma ya pazia anasikia. Sikujua. Baba mdogo alipoondoka alitoka akakaa kwenye kiti changu cha kuhesabia mauzo, mahali ambapo hajawahi kukaa.

"Mwanangu," akasema, "wewe unaonaje?"

"Kuhusu nini?"

"Nilikaa pale mlangoni nimechoka na jua. Labda moyoni nilisema, hata isinyeshe. Mtu anaweza kusema kitu moyoni asijue."

"Mayu, acha."

"Nataka kwenda kuungama. Wanataka ng'ombe, na wewe huwezi kukosa ng'ombe. Nikiungama watanisalimia."

Nikamwambia hapana. Nikamwambia wakipata ungamo watakuwa na haki ya kufanya wanachotaka. Nikamwambia hakufunga mvua yoyote, hakuna mtu anayefunga mvua, ni bahari, ni moshi, ni joto, ni dunia nzima. Mvua ilikuwa inapiga bati, ikabidi nipaze sauti, na mke wangu alichungulia akidhani tunagombana.

"Unajuaje?" mama akaniuliza.

Hakuuliza kwa ukaidi. Aliuliza kama mtu anayeomba maji. Nilitafuta kitu cha kumshikisha mkononi. Nina maduka, nina lori, nilitoka kivukoni na mgongo wangu mtupu, na sikuwa na kitu hata kimoja.

"Kesho nitamleta mwalimu," nikasema. "Atakueleza yeye mwenyewe."

Mama akatikisa kichwa.

"Mwalimu alishaulizwa," akasema.