Programu Iliyokosekana Kwenye Menyu

Sulami alikuwa fundi wa kompyuta pale Vaimoso, mtaa wa mji wa Apia. Alikuwa ameunda programu ya kuandikia nyimbo za kwaya, akaiweka mwenyewe kwenye kompyuta za walimu wa kwaya watatu. Hazikupita siku tatu, mmoja wao, Mama Fuatino, akampigia simu.

"Sulami, programu yako imetoroka."

"Imetoroka vipi, mama? Si tuliiweka Jumatatu?"

"Tuliiweka, ndiyo. Sasa iko wapi? Nimeitafuta kwenye menyu mpaka shingo inauma."

Sulami akaenda. Mama Fuatino alimpa kikombe cha kakao, kisha akawasha kompyuta yake kuukuu yenye mfumo wa Linux. Programu ilikuwemo, ila imezama ndani ya folda tatu. Mama alipobofya faili la wimbo, likafungukia kwenye programu ya kuandikia barua, limejaa vikorokoro.

"Hii ndiyo sauti ya besi," mama akauliza, "au kuku wanagombana?"

Sulami alicheka, lakini aibu ilimshika. Alikuwa amehangaikia nyimbo tu. Hakuwaza mtu ataifungulia wapi. Alipowauliza wale walimu wengine wawili, wa Windows na wa Mac, nao walikuwa wakihangaika vilevile, ila waliona haya kusema.

Akarudi kazini kwa moyo mmoja. Kila mfumo ulikuwa na utaratibu wake. Windows ilitaka njia ya mkato kwenye menyu, na faili za nyimbo ziandikishwe kwenye sajili yake ili ijue ni programu gani ya kuzifungua. Mac ilitaka jina, picha na aina ya faili vielezwe ndani ya kifurushi cha programu. Linux ilitaka kifaili cha maandishi chenye jina la programu, amri ya kuifungua na jina la picha yake, kikae kwenye folda yake maalumu. Hiki ndicho kilichomtoa jasho: jina lilionekana kwenye menyu, picha haikutokea. Siku ya pili akagundua kwamba jina la picha alikuwa ameliandika kwa herufi kubwa, na faili lenyewe lina ndogo, na Linux huzitofautisha. Akajicheka peke yake.

Jumamosi akamrudia Mama Fuatino na toleo jipya. Safari hii picha ya kitabu cha nyimbo ilikaa kwenye menyu, wazi kabisa. Mama akabofya faili la wimbo, noti zikajipanga kwenye skrini.

"Kumbe ni rahisi hivi? Ulikuwa unanitesa bure."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Haya, shika sauti ya kwanza."

Wakaimba beti zote nne za wimbo huo.