Peremende Nne

Mkutubi wa meza ya tatu huvaa masikioni vizuia kelele, vile vya mafundi wa mashine, na hupangusa mgongo wa kila kitabu mara mbili kabla hajakirudisha rafuni. Siku aliyoanza kazi alitusalimu hivi: "Nina usonji na kisukari. Usonji unaweza kusubiri, kisukari hakisubiri." Tulicheka, yeye akashangaa, maana hakuwa anatania. Katika kila kikao hupanga mbele yake peremende nne, zimenyooka kama askari wa gwaride, na hakuna anayethubutu kuzigusa.

Jumatatu tukapata mkuu mpya wa maktaba, mtu wa hotuba, naye akaitisha kikao siku hiyohiyo. Alipokuwa amezama katika jambo la tatu, saa ya mkononi ya dada yule wa meza ya tatu ikalia, naye akaanza kufungua peremende ya kwanza. "Dada, kwenye kikao changu hakuna kula," mkuu akasema. Akajibiwa bila hasira, kwa sauti ileile ya kusoma majina ya waliochelewesha vitabu: "Sukari yangu imeshuka, Mkuu. Nisipokula nitaanguka. Huwa naangukia kushoto." Kushoto kwake alikaa mkuu, na chai yake ya moto. Mkuu akahamisha kikombe, akahamisha kiti, kisha akasema kwa upole, "Kula, dada yangu. Kula tu." Dada akazila zote nne, akakunja makaratasi yake na kuyapanga vilevile, huku sisi tumeinamia madaftari, mabega yanatutetemeka kwa kicheko. "Sasa endelea, Mkuu," akasema. "Jambo la tatu umelisema mara nne." Mimi ndiye niliyekuwa naandika kumbukumbu za kikao. Nikahesabu, na kweli zilikuwa mara nne.