Wakapiga Kula

Kwaresima iliyopita nilitoka kanisani kwa hasira, na mpaka leo hasira hiyo haijanitoka vizuri. Nilikuwa nimepita Wandegeya jioni kusikiliza mazoezi ya Ijumaa Kuu, kwa sababu katika kanisa lile bado wanasoma mateso ya Bwana kwa Kiswahili, jambo ambalo limekuwa adimu hapa Kampala. Mzee mmoja, polisi mstaafu, alifika pale askari wanapogawana mavazi ya Yesu, akasoma, "Wakapiga kula." Vijana wakaangua kicheko. Aliyeshika maikrofoni akamwambia, "Mzee, ni kura, si kula. Wewe pumzika, atasoma huyu dada." Mzee akavua miwani, akarudi kukaa. Hebu niambie, rafiki yangu, kicheko cha nini? Mimi nimelisikia neno hilo likisomwa hivyo hivyo utoto wangu wote, na siku moja lilinyamazisha kambi nzima.

Nimekulia kambi ya polisi, ndani ya unipoti, vile vibanda vya bati vya mviringo ambavyo mchana huchemka kama sufuria. Baba alikuwa konstebo, leo yuko doria, kesho yuko lindo, kwa hiyo aliyetulea ni bibi, mama yake, mtu wa kaskazini. Kwaresima ya bibi ilikuwa na harufu yake: muhogo wa kuchemsha, maharage yasiyojua mafuta, na malakwang, mboga ya kwao yenye uchachu. Siku nyingine aliiunga kwa njugu, lakini Kwaresima aliipika hivi hivi, sisi tukakunja nyuso. Tukinung'unika alisema, "Tumbo nalia, roho nacheka." Tuliamka na tarumbeta ya gwaride, tukapanga foleni bombani na madumu yetu, tukapuliza makaa ya pasi ili kaki ya baba inyooke. Ijumaa ikigongwa ile ringi ya lori iliyoning'inia nje ya kanisa kama kengele, tuliacha kila kitu tukaenda Njia ya Msalaba.

Katekista wetu alikuwa Muganda mpole, na mdomoni mwake L na R zilibadilishana viti zilivyopenda. Kwake, yule baba wa mwana mpotevu hakufanya karamu, alifanya kalamu, na sisi watoto tulijiuliza kijana aliyerudi na njaa kalamu ataifanyia nini. Tulicheka mpaka bibi akatufinya. Jirani yetu wa unipoti ya pili, mke wa koplo, Mwislamu wa ukoo wa wafanyabiashara waliotoka pwani zamani, alikuwa na Kiswahili kilichonyooka. Tulipomwigiza katekista mlangoni kwake, alicheka huku akikaanga sambusa, akatusahihisha: "Kura ni ya mkono, kula ni kwa mdomo." Sambusa ya kwanza ilikuwa yetu, wanawe baadaye.

Mwaka mmoja, Kwaresima ikiwa ndiyo kwanza imeanza, koplo akafa. Homa ilimchukua haraka. Mkewe akaingia eda, ile miezi ambayo mjane wa Kiislamu hukaa ndani ya nyumba ya marehemu mumewe wala hatoki bila dharura. Bibi alimchotea maji, akampelekea muhogo wetu, na hakuona ajabu yoyote kwamba huyu ana rozari na yule ana tasbihi.

Sasa sikiliza. Mkuu wa kambi alikuwa Mkristo wa kiti cha mbele. Jumatano ya Majivu alipakwa msalaba mkubwa kuliko wote, akaacha nyama, na kambi nzima ikajulishwa kwamba ameacha nyama. Juma Kuu mtu huyo huyo aliwaita askari waliokuwa wakisubiri nyumba, akawasimamisha kwenye mlingoti wa bendera, akatia vikaratasi ndani ya kofia yake, wakapiga kura nani ataichukua unipoti ya koplo. Mjane yuko ndani, anasikia kila kitu kupitia bati! Aliyeshinda aliambiwa ahamie Jumatatu ya Pasaka. Mama akiwa katikati ya eda atolewe nje na watoto wake, na watu wazima wenye bunduki wakainamisha vichwa. Hata baba yangu alisema amri ni amri. Bibi akaendelea kupiga pasi.

Ijumaa Kuu kanisa lilijaa mpaka nje. Katekista akasoma, akafika pale pale, "Wakapiga kula." Sisi tukaanza kubana pua tusicheke. Bibi akasimama.

"Katekista, wewe soma tena."

Maskini, alidhani anasahihishwa. Akajipangusa jasho, akajitahidi, na neno likatoka vile vile, "kula."

"Umesoma muzuri. Hapana badilisha," bibi akasema. "Hapa kwetu pia watu nakula. Mama iko ndani ya eda, wao nakula nyumba yake. Mukono nachukua, mudomo nakula, yote moja." Kisha akamgeukia mkuu. "Afande, Kwaresima nzima wewe naacha nyama. Lakini mujane nakula."

Sisi watoto tukaachia pua zetu, kicheko kimeisha. Jumatatu ya Pasaka yule askari aliyeshinda hakuhamia, na hakuna mwingine aliyetaka kuonekana mlaji. Watoto tukapata wimbo wa kuimba kila afande alipopita: "Wakapiga kula!"

Ningependa kukuambia haki ilitendeka. Haikutendeka. Walimwachia amalize eda, na kesho yake asubuhi godoro lake lilikuwa nje kabla chai haijachemka. Akaenda kwa ndugu zake Katwe, nyuma ya karakana ya wachomeleaji. Baba akahamishiwa mbali nasi, bila maelezo. Bibi alisema hajuti, na mimi mpaka leo najuta kwa niaba ya wengine wote.

Unipoti zetu zimeng'olewa, bibi na katekista wamelala, na ringi ya lori sijui ilienda wapi. Watu siku hizi wanaacha simu na sukari wakati wa Kwaresima, halafu wajane wanatolewa kwenye nyumba za serikali kama kawaida, kwa Kiswahili safi na Kiingereza safi zaidi.

Ijumaa Kuu nilirudi kanisa lile la Wandegeya. Yule dada aliyepewa nafasi ya mzee alisoma vizuri sana, kura yake imenyooka, na hakuna aliyeinua kichwa. Nikasema kwa sauti, "Kula." Mama aliyekaa mbele yangu akageuka, akanisahihisha kwa upole.