Bibi, Mahamri na Profesa wa Kijerumani

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyenipa umri wa kukumbuka, na moyo wa kucheka nikikumbuka.

Juzi, hapa Riyadh, mjukuu wangu anayesomea sheria alinisomea habari za profesa mmoja wa Kijerumani wa karne ya kumi na tisa. Nikamkatiza. "Huyo namjua. Aliniokoa nisinyimwe bahari."

Ndugu msomaji, utotoni tulikaa Jeddah, mtaa wa Sharafiya, baba akiwa dereva. Kila baada ya alasiri mwalimu wetu, jirani aliyetoka Mombasa, alitusomesha juu ya paa, katikati ya kamba za nguo. Tukimaliza Kurani, alifungua kitabu chake cha maisha ya wanazuoni. Tulimpenda yule Mjerumani. Aliandika vitabu vinene vya sheria, akafukuzwa chuoni kwa kusema kwamba hata mfalme yuko chini ya sheria, kisha watu wakamchagua aende bungeni, na huko akazidi kusema. "Hakuna kuhukumu kabla ya kusikiliza," mwalimu alitukaririsha, nasi tukaitikia kama kasida.

Alhamisi moja bibi alikaanga mahamri. Iliki ilinukia hadi ngazini. Alipomaliza kuswali, akaona sahani moja haipo. Akanitazama mimi.

"Kesho baharini huendi."

Na mimi wiki nzima nilikuwa nikiingoja Ijumaa hiyo! Nikasimama, machozi yakinilenga. "Bibi, hata mfalme wa Wajerumani alitakiwa asikilize kwanza."

"Kwani mfalme wa Wajerumani ndiye anayenikandia unga?"

Dada zangu wakaangua kicheko. Bibi akabana midomo, akaketi mkekani. "Haya, sema, profesa."

Kabla sijasema, mlango ukagongwa. Alikuwa mlinzi wa jengo, Mkristo kutoka Kenya, ameshika sahani iliyooshwa.

"Shosho, asante sana. Yale mahamri, halas, nimemaliza yote!"

Bibi alikuwa na desturi yake: akitoa sadaka, alijilazimisha kuisahau asije akajivuna. Siku ile aliisahau kweli.

"Basi," akasema, "atakayebaki nyumbani ni mimi."

Nikamkatia rufaa palepale. Kesho yake, bibi aliyekuwa hatoki ila kwa dharura alisimama majini hadi vifundoni, kakunja buibui, akicheka kama msichana.

Siku hizi pale petu Sharafiya pana duka la simu. Bibi na mwalimu wametangulia, Mungu awarehemu. Mjukuu wangu aliniuliza kama profesa yule alishinda mwishowe. Nikamwambia ya bungeni siyajui, kwetu alishinda.

Nawe uliyenisoma, Mungu akujaalie mtu wa kukusikiliza kabla ya kukuhukumu, na sadaka nyingi utakazozisahau.