Niliimba Kwenye Mazishi ya Baba Bila Kutoa Chozi, na Mama Hajanisamehe

Admin, tafadhali nifichie jina, maana shangazi zangu wote wamo humu na midomo wanayo.

Nina miaka ishirini na minane, kifungua mimba kwetu. Mchana nauza vitambaa vya mapazia Ngara, hapa Nairobi, na jioni mbili kwa wiki naenda Kitisuru kwa mwalimu wangu wa sauti kujifunza kuimba opera. Ndiyo, opera. Chekeni, mkimaliza mnisikilize.

Kuna wimbo mmoja wa Kiitaliano ambapo binti anamuaga babake. Nilipoanza kuufundishwa, nikifika katikati nalia. Mwalimu akaniambia, "Lia hapa kwangu mpaka uishiwe. Mbele ya watu, koo likijikaza tu, sauti imeenda. Shikilia pumzi huku tumboni, legeza taya, uchungu waachie wanaosikiliza." Basi nikalia Kitisuru miezi mitatu, na hakuna wa nyumbani aliyeniona.

Wakati huo Baba alikuwa amelazwa. Siku moja tukiwa wawili tu, nikamsimulia juu ya ule wimbo, akanishika mkono. "Daktari ameniambia hii kitu haitapona. Mamako hajui, na usimwambie. Siku yangu ikifika niimbie huo wimbo yako, na usikatike. Akiona wewe umeanguka, na yeye ataanguka." Nikakubali. Ningekataaje? Mama alikuwa bado anamletea uji wa wimbi na kumpangia Krismasi.

Alipofariki niliimba kanisani, karibu na Dagoretti Corner, hatua mbili kutoka kwa jeneza. Sauti haikutetemeka hata mara moja. Kanisa zima lililia isipokuwa mimi. Nilipomaliza, mtu mmoja huko nyuma akapiga makofi na wengine wakamfuata. Nayachukia yale makofi mpaka leo.

Tangu siku hiyo Mama ananijibu kwa mkato. Juzi nikamuuliza nimemkosea nini, yakamtoka yote.

"Watu walikuja kunipongeza, ati mtoto yako anaimba poa. Anaimba poa! Bwanangu amelala hapo mbele na wewe umesimama kama uko kwa konsati. Hata chozi moja, mwanangu? Kwani ulimpenda kweli?"

Kumweleza kwa nini sikulia ni kumweleza kwamba mumewe alijua anakufa, akamwambia mtoto, na yeye mkewe akamwacha gizani. Na siku hizi Mama ana faraja moja tu. Kila mgeni akija kumpa pole, anamwambia kwamba katika miaka thelathini ya ndoa, yeye na Baba hawakuwahi kufichana kitu.

Jamani, naumia. Nimwache aamini kwamba sikumpenda babangu, ama nimwambie alichofichwa? Nishaurini nifanye nini, kabla sijampoteza na yeye.