Chinsaga Ndani ya Friji ya Mwalimu

Mume wangu alifundisha shule ya msingi pale Sironga, nami nilimwita Mwalimu hata nyumbani, hata nilipokuwa na hasira naye. Mwanzoni mwa miaka ya sabini alileta friji kutoka Kisii mjini, aliyoipata kwa Mzungu aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao. Umeme hatukuwa nao. Friji ile ilitumia mafuta ya taa: chini, kwa nyuma, ilikuwa na tangi dogo na utambi, na mradi mwali ule ulikuwa ukiwaka, kisanduku cha juu kiligandisha chochote. Majirani walikuja kuitazama kama watu waliokuja kumwona bibi harusi. Mwalimu akawapa maji baridi, wakashika meno, wakacheka.

Mimi sikuitakia maji. Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa mwezi wa kwanza, jua likiwa kali na bustani imekauka. Kwetu mzazi hulishwa chinsaga, ile mboga chungu inayopikwa kwa maziwa, ili damu irudi na maziwa yashuke. Mimi nilikula kabichi ya sokoni. Binti yangu alinyonya matone kwa miezi mitatu, kisha tukamzika nyuma ya migomba. Sijui kama chinsaga ingemwokoa. Ninachojua ni kwamba sikuwa nayo.

Kwa hiyo nilipopata mimba ya pili nilipanda chinsaga kila mahali, hata kando ya choo. Mvua ya mwezi wa kumi ikaistawisha hadi ikatushinda kula. Mama mkwe alinishauri niianike kwenye ungo, kisha niitundike jikoni juu ya moshi, kama alivyofanya yeye maisha yake yote. Nilimwitikia kwa adabu na sikufanya. Kwenye mafunzo ya akina mama nilikuwa nimeambiwa kwamba mboga huchovywa kidogo kwenye maji yanayochemka, ikatumbukizwa kwenye maji baridi, ikakamuliwa, ikafungwa ndani ya nailoni na kugandishwa, na siku ukiitoa ni kama umeichuma asubuhi. Nilijiona msomi. Mdomo wa kila mfuko niliuziba kwa mwali wa mshumaa, nikiunguza vidole. Ilifika mifuko kumi na minne. Siku nyingine nilikuwa nafungua friji niiguse tu, migumu kama mawe, halafu nafunga.

Ijumaa moja ya mwezi wa kumi na mbili tangi la friji lilikuwa karibu kukauka, na kwetu Wasabato, jua likizama Ijumaa hakuna kazi wala kuwasha moto hadi lizame Jumamosi. Mwalimu alikuwa na baiskeli, lakini pia alikuwa na somo la Sabato la kutayarisha, basi nikaenda kununua mafuta sokoni Kebirigo mimi, na mimba yangu ya miezi minane na debe dogo mkononi. Barabara ilikuwa tope tupu. Nilipofika nyumbani jua lilikuwa ndiyo kwanza limezama, anga bado ina wekundu. Nikainama nyuma ya friji kumimina mafuta. Mwalimu akanishika mkono.

"Sabato imeingia, mama," alisema. "Weka hilo debe chini."

"Moto utazimika, Mwalimu."

"Uzimike. Ni mboga tu."

Nikaweka debe chini. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Hakunipiga wala hakunitisha. Nilitii tu, kwa mazoea.

Asubuhi utambi ulikuwa mweusi. Baada ya ibada Mwalimu alirudi na wageni watano wa kanisani, na kila mmoja alitaka maji ya friji. Aliufungua mlango akauacha wazi, akiwaeleza jinsi moto unavyoweza kuleta barafu, na moto wenyewe haupo. Mimi nilisimama pale na sinia la vikombe, nikisikia maji yakidondoka. Jua lilipozama aliuwasha utambi yeye mwenyewe, akipiga mluzi wa wimbo wa dini. Lakini friji ya namna ile huhitaji mchana na usiku ndipo igandishe tena. Jumapili jioni mifuko ilikuwa imevimba. Nilipasua mmoja, harufu ikanifukuza. Nikaimwaga yote kwenye migomba, na mama mkwe akaniangalia. Afadhali angenigombeza.

Mwana alizaliwa mwezi wa kwanza, kama dada yake. Mama mkwe aliniletea chinsaga kavu aliyokuwa nayo, ikaisha kwa wiki moja. Maziwa yalikuja yaleyale ya matone.

Mtoto alipotimiza mwezi, Mwalimu alisimama kanisani kutoa ushuhuda. Alisema moto ulizimika nyumbani kwake siku ya Sabato, wakauacha uzimike, na Mungu akawalipa mtoto wa kiume. Watu wakaitikia amina. Mtoto mwenyewe alikuwa kifuani pangu akivuta, akiachia, akilia, na maziwa ya ng'ombe niliyochemsha Ijumaa yalikuwa yameisha alfajiri. Ikaja amina nyingine. Nikasimama, nikatoka.

Nyumbani, jikoni, nilichukua kiberiti, nikawasha kuni, nikabandika maziwa yaliyokamuliwa asubuhi. Kuni zilikuwa mbichi, zikatoa moshi ulioonekana hadi barabarani. Nilikuwa nimeanza kumnywesha kwa kijiko Mwalimu alipofika mlangoni, wageni wa kanisani nyuma yake. Aliniuliza, kwa sauti ya chini ya mtu anayeona haya, nilikuwa nikifanya nini siku kama hii.

"Na huyu, Mwalimu," nikamuuliza, "ni mtoto tu?"

Wageni waliangalia viatu vyao. Mwanangu alimaliza kikombe kizima, akacheua, akalala. Mwalimu akawapeleka wageni sebuleni, na baada ya muda nikausikia mlango wa friji ukifunguliwa.