Kijapani Nyuma ya Turubai

Popote nitakapoanzia nitaonekana mjinga, basi afadhali niseme mapema: mimi, mwanamume wa miaka arobaini na ushee, mwenye diploma ya sekondari na miguu isiyotulia, nilimponza mama wa watu kwa sababu niliona haya kusema kwamba ninasoma.

Nilifika Kolwezi kwa kuzunguka sana. Musumba, kule Kapanga nilikozaliwa, niliondoka kijana juu ya lori la mihogo mikavu, likakwama matopeni mpaka tukaanza kupika pembeni yake kama tuko kwetu. Baadaye nikaishi Likasi, nikavuka Zambia, nikafika Dar es Salaam, na huko nikapata kazi ya kuendesha magari yaliyotumika Japani kutoka bandarini mpaka mpakani Kasumbalesa. Ukiwasha gari la namna hiyo, mwanamke anaongea ndani yake; anasema jambo moja kwa adabu kubwa, halafu ananyamaza. Miaka mingi nilisafiri na sauti ile (mke wangu alikuwa ameshanichoka na kurudi kwao, simlaumu), nikawa naijibu, naisimulia habari za Kapanga na ugali wa mama yangu, mpaka nikaapa kwamba nitajifunza kuielewa. Nilipoielewa, kumbe alikuwa ananikumbusha tu kwamba sijaingiza kadi ya kulipia barabara. Lakini nilikuwa nimechelewa, lugha ilikuwa imeshanishika.

Kolwezi nilipata kazi kwenye gereji, na chumba katika mtaa wa Kasulo kwa Mama Ngoie, mjane, mwimbaji wa kwaya, ambaye alikuwa karibu peke yake mtaani kukataa kuchimba kobalti chini ya nyumba yake. Majirani walikuwa wameshachimba, wengine uani, wengine sebuleni kabisa. Yeye aliwaambia wanunuzi kwamba marehemu mume wake aliijenga nyumba ile akitoka zamu mgodini, tofali baada ya tofali, na hataifanya mlango wa shimo. Aliyasema hayo hata kanisani, na waliochimba hawakumpenda kwa hilo. Siku ya kunipa ufunguo alinitazama machoni, akaniita tata, yaani baba, kwa heshima: "Tata Kapend, kwangu hapana kuchimba. Kama uko muchimbaji, sema sasa." Nikacheka, nikamwambia mimi ni mtu wa gereji.

Sasa, nilikuwa nimejiandikisha kufanya mtihani wa kupima Kijapani, kiwango cha chinichini tu, katika nchi jirani. Maneno hayakunisumbua, kilichonitesa ni mifumo ya sentensi. Kitenzi chao kinakuja mwisho kama abiria aliyechelewa, na kusema tu kwamba lazima ule, unazunguka nyumba nzima: tabenakereba narimasen, usipokula haitakuwa. Mambo hayo hayaingii kichwani kimyakimya, lazima uyaseme kwa sauti huku unatembea, na kila nilipoanza kutembea uani wapita njia walisimama kuniangalia kama mtu aliyeachwa na akili zake.

Mama Ngoie akaenda Mutoshi kumuuguza dada yake, akaniachia nyumba. Ndipo nikapata wazo langu zuri. Nikachimba mashimo manne madogo nyuma ya chumba changu, nikasimika miti, nikazungushia turubai la rangi ya machungwa nililopewa gereji, na udongo mwekundu nikauacha umerundikwa pale pembeni.

(Aliyewahi kuishi Kasulo ameshashika kichwa.)

Turubai la rangi ya machungwa na udongo mpya pembeni yake, pale mtaani, vina maana moja tu: chini kuna shimo. Na mimi nilikuwa naviona kila siku! Lakini mtu akishika kitabu chake hufikiri dunia nzima inajua ameshika kitabu.

Wa kwanza kuniuliza alikuwa Papi, kijana aliyeongoza kundi la wachimbaji kwenye kiwanja cha jirani. Alisogea kwenye ukuta, akanong'ona: "Tata, naona umefungua shimo. Minere iko?" Alikuwa anaulizia madini.

Hapo ndipo ningesema, "Hapana, mwanangu, ninasoma Kijapani." Ulimi ukakataa. Mzee mzima, jioni anajifungia kama mwanafunzi wa shule ya msingi? Nikatabasamu, nikamjibu kwamba Mungu anasaidia kidogo kidogo. Kuanzia siku hiyo nikaanza kuheshimika. Nilivutiwa kiti penye bia, watu wakanisalimia kwa jina, na mimi (aibu iliyoje) nikaanza kutembea taratibu kama mtu mwenye mali chini ya ardhi.

Mama Ngoie alirudi Jumapili moja, na habari zilikuwa zimemfikia kanisani kabla hajafika nyumbani. Aliingia uani na wenzake wa kwaya, mkuu wa mtaa nyuma yao, na nusu ya majirani waliokuja kumwona mama mwadilifu akiumbuliwa. Mmoja alisema kwa sauti kwamba wanaokataza wengine ndio wanaochimba kwa siri. Mama alinipita, akashika turubai, akalivuta kwa nguvu zote.

Meza. Kiti cha plastiki. Kamba yenye karatasi zilizobanwa kwa vibanio vya nguo.

Mkuu wa mtaa aliinama, akaangalia chini ya meza, akainuka. "Hii ni nini, tata?"

Nikasema ni sarufi ya Kijapani. Akaniamuru nisome tusikie. Nikasoma, "tabenakereba narimasen," na uwanja mzima ukaangua kicheko, wanakwaya wakishikana mabega, mtu mmoja akiuliza kama huko Japani wanalipa kwa kilo. Hata Mama alianza kucheka, kwa furaha ya mtu aliyesafishwa jina mbele ya watu.

Papi peke yake hakucheka. Alikuwa amekodoa macho kwenye ardhi ile ngumu isiyo na tundu.

"Sasa kama hapa hapana shimo," akasema polepole, "siye tuko nafuata nini?"

Mkuu wa mtaa akamshika mkono, na hapo likatoka lote: kundi la Papi lilikuwa limegeuza njia yake ya chini kuelekea kwangu, ili kuwahi mali niliyoipata. Walikuwa wameshapita chini ya jiko la Mama Ngoie. Tulikimbilia jikoni, tukakuta sakafu imebonyea upande mmoja na ufa umepanda ukutani hadi kwenye bati. Jumapili hawakuwa kazini, hakuna aliyeumia. Siku chache baadaye kona ile iliingia ardhini, na mkuu wa mtaa akakataza mtu yeyote kulala humo.

Nilibaki kumsaidia Mama kuondoa mabati, milango, na matofali yaliyokuwa bado mazima. Siku ya mtihani ilinikuta juu ya ukuta na nyundo. Sikujiruhusu hata kusikitika.

Siku niliyoondoka Kolwezi nisirudi tena, nilipitia Mutoshi, kwa dada yake, alikohamia Mama Ngoie. Alikuwa anamenya karanga. Akaniambia nikae, kisha, bila kunitazama: "Ungesema tu, tata. Kusoma ni haya gani?" Akaomba nimsemeshe Kijapani, angalau ajue kilichomtoa kwake. Nikamwambia namna wanavyoomba radhi, ile ndefu ya heshima.

"Ni murefu sana. Na kwa Kiswahili?"

"Unisamehe, mama."

"Hiyo ndiyo nilikuwa nangojea," akasema, akanijazia karanga mfukoni kwa ajili ya njia.

Siku hizi, anayeniuliza ninafanya nini, namjibu kabla hajamaliza kuuliza, hata kama ni la kuchekesha. Wacha wanicheke mimi.